Mwiko wa Kukonda

Goti langu la kushoto ndilo lililoanza. Nikipanda ngazi tatu za stoo lilitoa mlio mkavu wa kijiti kinachovunjwa, na wenzangu jikoni wakawa wanasema mpishi mkuu anatembea na kuni zake mwilini. Nilicheka nao, maana jikoni usipocheka utachekwa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mjane, mnene wa kupendeza, na nilisonga ugali wa mamia ya wanafunzi mchana na jioni katika shule moja ya bweni iliyojengwa katikati ya mawe, Mwanza, upande wa Ilemela.

Anayejua ugali wa nyumbani tu hajui ugali. Wa shule hupikwa kwenye sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuingia akaoga, na mwiko wake una urefu wa kasia. Haukorogwi kwa mkono. Unasimama juu ya kreti, unakunja magoti, unausukuma mwiko kwa bega na mgongo, kisha unauvuta kwa tumbo. Unga unapokaza ndipo unapojua kama una viungo au huna. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu juu ya sakafu ya saruji isiyokauka maji, na kwa miaka kumi ya kwanza sikujua kwamba nina magoti.

La kulia lilifuata, kisha bega la mkono wa mwiko. Asubuhi nilikuwa mlango uliovimba kwa mvua, nafunguka kidogo kidogo. Choo chetu kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, na ikafika siku nikapigilia msumari mkubwa ukutani na kufunga kamba ya katani ya kujivutia. Mtu asikudanganye kwamba maumivu yana heshima. Ukishaning'inia kwenye kamba chooni ukimwomba Mungu akuinue, huna tena la kuficha.

Mama yangu mzazi, niliyeishi naye katika vyumba viwili mlimani, aliuita ugonjwa wangu baridi yabisi, na kwake dawa ya baridi ni joto na shibe. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipaka mafuta ya wanyama ambao sikuthubutu kuuliza majina yao, kisha akanipakulia. Mama alikuwa Msukuma wa zamani. Kwake, mwanamke aliyetunzwa vizuri huonekana kwa mbali, na mkono mwembamba ni aibu ya waliomlea. Jioni alinisubiri na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ameyapika upya na karanga, na hakuondoka mbele yangu mpaka aone kitako cha bakuli.

Huenda ningeendelea hivyo hivyo na kamba yangu kama si mzabuni. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinapewa mtu binafsi, mabasi, viwanda, hata kufagia soko, na jiko letu nalo likapewa mtu. Alikuwa mwanamume mpole, asiyepandisha sauti, na siku ya kwanza alitupanga mstari akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua ng'ombe mnadani. Akasema hana ugomvi na mtu, ila jikoni kwake anataka watu wenye nguvu na afya, kwa sababu mzazi anayelipa ada anataka kumwona mpishi mwenye afya. Wakati anasema hayo mimi nilikuwa nimeegemea ukuta ili goti lisionekane linavyotetemeka. Nikishindwa kusimama kwenye sufuria sina kazi, na nikikosa kazi mama yangu hana pa kukaa. Hilo nililiona wazi kabisa. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda hospitali.

Nilipigwa picha za magoti. Daktari akazishika kuelekea dirishani, akasema zile nyama laini zinazozuia mfupa usisagane na mfupa zimelika, na hazirudi. Kisha akanielekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilimkuta mzee mfupi mwenye vidole gumba vinene, anakunja mkeka. Nikamsalimia shikamoo daktari.

"Marahaba. Ila mimi si daktari, mama," akasema. "Daktari anakupa dawa unakwenda. Mimi nakupa kazi, na kazi yenyewe unaifanya wewe."

Akanilaza, akanibonyeza bega mpaka nikaona nyota mchana, akanikunja goti akilisikiliza. Aliponikalisha akafungua daftari, akasema sasa tuzungumze miiko.

"Ninao mmoja tu," nikamjibu. "Wa mti wa mwembe. Ukiusimamisha unanipita."

Akanitazama. Nami nikamtazama, nikidhani anataka kujua uzito wake, nikamwongezea kwamba ukilowa maji lazima ushikwe na watu wawili. Mzee akaweka kalamu chini akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Miiko, mama! Vyakula vya kuacha!" Nikaona aibu, lakini nikacheka pia. Sikuwa nimecheka na mtu kuhusu magoti yangu kwa muda mrefu bila yeye kuwa ananicheka mimi.

"Haya. Kwa siku unakula nini?"

"Sili," nikasema, na haki ya Mungu nilikuwa sisemi uongo. "Mimi naonja tu."

Akataka kujua naonja nini. Nikamtajia. Alfajiri naonja uji kama sukari imekolea. Maharage naonja mara tatu, kwa kuiva, kwa chumvi na kwa mafuta. Siku ya nyama naonja nyama, na siku ya mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayotoka viwandani ikiwa imeshavuliwa minofu, naonja kichwa, maana kichwa ndicho chenye mafuta. Halafu kuna ukoko. Ukoko wa sufuria ya shule ni haki ya mpishi tangu shule ilipofunguliwa. Tunaubandua vipande vipande na kuuchovya kwenye mchuzi. Na nikifika nyumbani kuna matobolwa ya mama. Alikuwa anaandika, na ilibidi ageuze ukurasa.

"Mama," akasema, "kuonja kwako kunashibisha familia."

Akanieleza kwa mfano wa gari, kwa kuwa kila mwanamume akitaka mwanamke aelewe kitu atamtolea mfano wa gari. Goti halina vipuri. Gari likichakaa unapunguza mzigo, na unakaza boliti zilizobaki. Boliti ni misuli ya paja. Basi, nikaambiwa niache ukoko, niache vichwa vya sangara, sukari niiage, ugali uwe wa ngumi yangu moja, na mboga iwe nyingi: mchicha, mgagani, mlenda, dagaa wa kuchemsha. Jikoni nionje kwa ncha ya ulimi, niteme. Kila asubuhi na jioni nilale chali nikandamize goti juu ya khanga iliyoviringishwa, nihesabu kumi, niachie. Nifunge mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, niunyanyue. Nisimame mbele ya ukuta nipandishe vidole, kila siku kidogo juu ya alama ya jana. Wenye uwezo huko nje hufanya mazoezi majini, akasema, maji yanambeba mtu, lakini ziwa letu hili lote lina kichocho, basi tutabaki na mchanga. Tukatazama nje. Kutoka dirishani kwake ziwa lilionekana lote, na halikutufaa kitu.

Nyumbani vita vikaanza usiku uleule. Nilirudisha nusu ya matobolwa, na mama akaliangalia bakuli kana kwamba nimelitemea mate.

"Nimekukosea nini?"

Nikamweleza habari ya mzigo na boliti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Huyo mganga wako ana mama?"

Alikaa kwenye kigoda akinitazama ninavyonyanyua mfuko wa mchanga, akihesabu kwa sauti ili nimalize haraka. Mara moja aliuliza kama hiyo ni dawa au ni adhabu. Nikamwambia sijui bado. Wiki sita za mwanzo kwa kweli zilikuwa adhabu. Njaa nilikuwa siijui. Mpishi hajui njaa, anajua hamu. Nilisimama mbele ya sufuria ya maharage yenye harufu ya kitunguu, nikagusa kwa ncha ya ulimi, nikatema, na tumbo likanung'unika mpaka wenzangu wakageuka. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimfokea mwenzangu kwa kijiko kilichoanguka. Bega liliniuma zaidi ya mwanzo na nikamwambia mzee wa vidole gumba kwamba ameniharibu. Akasema, "Vumilia hadi mwezi wa tatu, ndipo unitukane vizuri."

Mwezi wa tatu sikumtukana. Siku moja niliingia chooni, nikachuchumaa, nikainuka, nikatoka, na nikiwa nanawa mikono nje ndipo nikakumbuka kwamba sikuigusa kamba. Nilisimama pale na kopo la maji mkononi, nikataka kumwambia mtu. Unamwambia nani habari kama hiyo? Nikarudi ndani nikachuchumaa tena, bila haja yoyote, ili kuhakikisha.

Mwezi wa tano nilikuwa napanda mlima wetu bila kupumzika kwenye jiwe la katikati. Vidole vyangu ukutani vilikuwa vimepita alama ya mwisho. Sketi zangu zilikaa kwa pini. Nilikwenda mnada wa mitumba nikachagua gauni la ukubwa niliokuwa nao nilipokuwa msichana, la maua ya buluu, na niliposonga ugali siku hiyo niliusikia mwiko unatii. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba watu walianza kunipenda. Jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana kwa ajili ya ugomvi wa maji taka aliniletea mayai sita. Mwalimu wa zamu, ambaye kazi yake ilikuwa kulalamika kwamba uji una madonge, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usijichoshe, mama. Pumzika." Mwenye duka akaniongezea kipande cha sabuni bila kuombwa. Nilidhani ni gauni. Wallahi nilidhani ni gauni la maua.

Kisha nikamwona mwenzangu wa zamu akiusuuza mwiko. Nilikuwa nimemaliza mzunguko wangu, nikamkabidhi, na badala ya kuendelea aliupeleka bombani akausuuza pale nilipokuwa nimeshika. Hakujua kwamba namwona. Alifanya hivyo kwa upole, bila chuki, kama mtu anavyofuta vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa. Hapo kwa mara ya kwanza nilijiona kama walivyoniona. Mjane. Amekonda miezi mitano mfululizo. Hali chakula, anakitema. Kila wiki yuko hospitali. Katika Mwanza ya miaka ile hukuhitaji kuambiwa zaidi. Tulikuwa tumezika wengi walioanza hivyo hivyo, kwa sketi za pini, na tulijifunza kuusoma mwili wa mtu kwa mbali. Mimi mwenyewe niliwasoma wengine. Niliwapelekea mayai.

Marehemu mume wangu aligongwa na lori barabara ya Musoma, mchana kweupe, watu wakiona. Sasa kifo chake kikaanza kusimuliwa upya. Nilisikia bombani kwamba lori lilikuwa kisingizio, kwamba tayari alikuwa anakohoa, kwamba familia iliharakisha kuzika ili watu wasimwone. Hilo liliniuma kuliko yote. Yangu ningeyabeba, lakini yule mtu alikuwa amekufa kifo chake mwenyewe, kibaya, na hata hicho wakamnyang'anya.

Wanafunzi walikuwa wa mwisho na wa wazi zaidi. Kwenye dirisha la bwalo kulikuwa na wapakuaji wawili, na mstari wangu ukaanza kuwa mfupi. Ikafika wiki nikawa nasimama na upawa mkononi, sina mtu, na mstari wa pili umezunguka hadi nje. Mzabuni aliniita. Hakutamka lile neno, miaka ile halikutamkwa. Alisema "hali yako." Alisema ameona nihamie kwenye kuchambua mboga, nikiwa nimekaa, na kama nikiona vema nipumzike kabisa hadi hali yangu itengemae. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi tangu nimefika shuleni hapo. Nikachuchumaa mbele ya meza yake nikainuka mara tano. Akageuza uso, akaona huruma, na huruma yake nilitamani kuirarua.

Nikaenda kupima. Ilichukua ujasiri wangu wote, kwa sababu miaka ile aliyekwenda kupima ni aliyejishuku, na kwenye benchi la kusubiri nilikaa karibu na mwanamke tuliyesali naye kanisa moja. Sote tulitazama sakafu. Majibu yalitoka, sikuwa na ugonjwa ule. Nikabeba karatasi kwa mikono miwili hadi kwa mzabuni. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mimi nakuamini, mama. Ila wanafunzi hawasomi karatasi. Wanasoma mtu."

Nyumbani mama alikuwa ameacha kunigombeza. Nilipaswa kuliona hilo mapema. Hakuniuliza tena habari ya bakuli. Alilichukua likiwa nusu, akaenda nalo nyuma ya nyumba. Alikwenda kijijini siku nne bila kunieleza sababu, na aliporudi alinikalisha kwenye mkeka, akanishika mkono. Alinishika mkono kama mtu anayepima kuni.

"Nimesema na kaka zako," akasema. "Nikuulize na wewe, usije ukalazwa usipopataka. Utalala kwa mumeo, au utalala kwetu?"

Sikumwelewa kwa dakika nzima. Nilipoelewa kwamba anauliza habari ya kaburi langu nikapiga kelele. Nikatoa karatasi, nikamsomea. Mama hakujua kusoma, na alinisikiliza kwa adabu ileile aliyoisikilizia habari ya boliti. Akasema karatasi huandikwa na watu. Nikasimama, nikamwonyesha magoti, nikachuchumaa na kuinuka, mara kumi, mara ishirini, jasho linanitoka, nikamwambia, "Mama, tazama, ulishaniona naweza hivi? Nimepona! Nimepona mama!" Naye akafunika uso kwa khanga. Akasema binti wa jirani yake kijijini naye alichangamka hivi, wiki mbili kabla ya kuzikwa.

Nilirudi kwa mzee wa vidole gumba. Nilimweleza yote nikiwa nimelala chali na mfuko wa mchanga mguuni, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuieleza dari. Nilitaka awe na jibu, kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu. Akasema magoti hayajui maneno ya watu. Akasema mwaka mmoja mwingine wa hivi na wataona sijafa. Nikamwuliza mwaka mmoja nikae wapi, na nimwambie nini mama. Akafungua ule mfuko mguuni kwangu, akakaa nao mapajani.

"Ukirudi kwenye uzito ule, sitaweza kukurudisha tena," akasema. "Si kwamba sitaki. Hapatakuwa na cha kukaza."

"Najua."

"Unajua kweli?"

Nilijua. Watu wakisikia habari hii hudhani nilidanganyika, au sikuelewa. Nilielewa vizuri kuliko nilivyowahi kuelewa kitu. Mama alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na alikuwa ameacha kulala. Nilimsikia kila usiku akigeuka upande wa pili wa ukuta, akingojea nife. Ningeweza kuwa na magoti, au ningeweza kuwa na mama anayelala. Kumwonyesha kwamba niko hai kulikuwa na njia moja tu aliyoiamini.

Jioni ile nilimwomba matobolwa. Alisimama palepale, akaniuliza kama nimesikia hamu. Nikasema ndiyo. Akayaleta moto, karanga tele, nikala hadi kitako cha bakuli, na nikaomba tena. Alikuwa amekaa mbele yangu na mikono imebana magoti, hapepesi macho. Kila tonge nililihesabu kama nilivyokuwa nahesabu kumi juu ya khanga. Yalikuwa matamu. Hilo nalo niliseme, yalikuwa matamu sana, na nililia nikiwa natafuna.

Kunenepa hakuna kazi. Miezi niliyoipigania mmoja mmoja iliondoka kwa pamoja. Nilirudi kwenye ukoko, kwenye vichwa vya sangara, kwenye soda ambazo mzabuni alianza kutuletea, na uso wangu ukajaa kwanza, na watu huangalia uso. Mstari wa dirisha langu ukarefuka. Nikarudishwa kwenye sufuria. Mwenzangu akaacha kuusuuza mwiko, na siku moja akaniambia huku anacheka kwamba nilikuwa nimewatisha, na ni mganga gani huyo nimpe jina lake. Jirani wa mayai akarudia ugomvi wake wa maji taka. Nilijua kwamba sasa nimepona kweli.

Mchanga niliumwaga mlangoni. Goti la kushoto likaanza tena kutoa mlio, la kulia halikungoja, na mwaka haukwisha kabla sijaanza kulala na mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa ili bega lisinining'inie. Safari hii hapakuwa na asubuhi ya kufunguka kidogo kidogo. Nilibaki nimefungwa hadi saa nne. Kwa mtaalamu sikurudi. Tulikutana mara moja sokoni, akaniona ninavyoyumba na kikapu, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari ya mama. Nikamwambia hajambo, analala.

Mama, kumbe, alikuwa ameweka nadhiri. Alimwahidi Mungu kwamba nikipona atanipeleka kanisani kutoa sadaka ya shukrani, na Jumapili moja akanivalisha kitenge kipya, akachagua benchi la mbele. Kuku wetu wawili walikuwa kwenye kapu miguuni. Baada ya mahubiri akaitwa. Alisimama mbele ya watu wote, mwanamke asiyewahi kusema hadharani, akasema kwamba mwanawe alikuwa amekwisha, alikuwa mifupa, kwamba yeye mwenyewe alishakwenda kuongea habari ya kaburi, na leo mtazameni. Akaninyooshea mkono niinuke nionekane.

Nikaweka mikono kwenye benchi nikasukuma. Magoti hayakuja. Nikajaribu tena, nikihesabu moyoni, na maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Watu walikuwa wananitazama wakitabasamu, wakidhani nimezidiwa na furaha. Wanawake wawili wakaja, mmoja huku mmoja huku, wakapitisha mikono makwapani mwangu wakaninyanyua kwa shida, wakihema, na mmoja wao akacheka kwa sauti: "Mzito huyu! Mzito jamani! Bwana asifiwe!"

Kanisa zima likapiga vigelegele. Nilisimama pale nimeshikiliwa, miguu inatetemeka chini ya kitenge, machozi yananitiririka. Mama akaja, akanifuta kwa upindo wa khanga yake, naye analia, akidhani machozi yangu ni yaleyale ya kwake.